Kosa Lile Lile



Wiki hii tulikuwa tumeombwa kuandika juu ya namna ya kuwasaidia watoto kujifunza nyumbani kabla ya mitihani. Hayo tutayaandika wiki nyingine. Kuna jambo lililotulemea tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo, na tumeona afadhali tulitoe hapa mbele ya wenzetu kuliko kuendelea kuwafundisha wengine huku tumelifunika.

Kwanza neno moja juu ya hili "sisi." Kule ISP tulifundishwa kwamba mwandishi mwenye adabu hasemi "mimi"; anasema "sisi," hata akiwa peke yake mezani na taa yake. Tumezoea hivyo na hatutabadili leo. Lakini mjue tangu sasa kwamba mdomo uliokosa ulikuwa mmoja.

Ilikuwa siku ya Jumanne. Bomba la mtaa wetu, huku juu Kadutu, lilikuwa limekauka kwa siku ya tatu. Wanaojua vilima vya Bukavu wanajua maana yake: kuamka saa kumi za alfajiri, kushuka kwenye chemchemi, kupanga mstari, kugombana kidogo na wale wanaopitisha bidoni zao mbele, kisha kupanda tena na lita 20 mgongoni, kamba ikikata paji la uso na matope yakivuta viatu. Tuliporudi, makala yalikuwa yamelowa. Moto ulikataa. Mtoto wetu wa pili alikuwa hapati kiatu chake kimoja. Tulitoka nyumbani bila chai, kikwembe kimelowa hadi magotini, na tukafika masomoni kabla kidogo ya saa moja na nusu tukiwa tayari tumewaka ndani kama jiko lililokataa kuwaka nyumbani.

Na Jumapili iliyotangulia tulikuwa kanisani. Mchungaji alifundisha juu ya ulimi, Yakobo sura ya 3, na tulilia. Si machozi ya kuonekana na watu. Tulilia kweli, maana tunajijua. Ulimi wetu ni mkali. Nyumbani wanajua, majirani wanajua, wanafunzi wanajua kuliko wote. Siku ile tulimwahidi Bwana kwamba basi, imekwisha. Ahadi hiyo ilitoka Jumapili mchana na ikafika Jumanne asubuhi. Haikuiona Jumatano.

Tangu masomo ya msingi yalipofanywa bure mwaka wa 2019, kalasi zetu zimejaa. Tunafurahi kwa ajili ya watoto waliokuwa wakibaki nyumbani, lakini mwalimu mmoja mbele ya watoto zaidi ya sitini ni kitu kingine. Tulikuwa katikati ya somo la hesabu, wamenyamaza, tunaeleza sehemu, mlango ukafunguliwa. Mvulana mmoja aliingia amechelewa. Ilikuwa mara yake ya tatu kwa siku chache. Tulimsimamisha pale pale mbele ya ubao. Tukamwuliza nyumbani kwao kama wana saa. Hakujibu. Ndipo tukamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi benchi la mwisho, kwamba saa wangeipata wapi, maana mama yake anajua mambo mawili tu, kuuza sombe na kuzaa.

Kalasi ikacheka.

Mpaka leo tunapokumbuka jambo hili, hatukumbuki kwanza maneno yetu. Tunakumbuka kicheko kile. Watoto zaidi ya sitini walicheka kwa sababu mwalimu aliwafungulia mlango. Mvulana alienda kukaa, akaweka kichwa juu ya mikono yake, na hakukiinua mpaka saa ya mapumziko. Sisi tuliendelea na sehemu: nusu, robo, theluthi.

Baadaye tuliambiwa na mtoto mwingine kwamba mama yake alikuwa amejifungua wiki mbili kabla, na kwamba ni huyo mvulana aliyekuwa akishuka kuchota maji kila asubuhi. Alikuwa kwenye chemchemi ile ile tuliyokuwa sisi, pengine kwenye mstari ule ule gizani. Watu wengi tuliowasimulia wanasimama hapo na kusema, "Ee mwalimu, lakini hukujua." Hapana. Hata kama mtoto angekuwa amechelewa kwa kucheza mpira njiani, maneno yale yangekuwa yale yale. Kutojua hakutusaidii kitu.

Na mama huyo tunamfahamu. Ni mwenzetu katika chama. Kabla ya kujifungua alikuwa akikaa benchi la pili upande wa dirisha, na kila mkutano alitoa franka zake 1,000 za likelemba bila kuchelewa hata mara moja, jambo ambalo sisi wenye mshahara, unapokuja, hatuwezi kulisema.

Sasa tuseme tulichofanya baada ya hapo, maana hapo ndipo kuna somo, kama lipo.

Hatukwenda kwake. Jambo la kwanza ambalo dhambi ilitufanyia halikuwa kututia majuto. Ilitutia aibu, na aibu si majuto, ingawa zinafanana kama mapacha. Majuto yanakupeleka kwa mtu uliyemkosea. Aibu inakupeleka mbali naye. Mama yule aliporudi kwenye mkutano na mtoto mchanga mgongoni, tuliimba naye, tukampongeza, tukamwangalia mtoto, tukasema mtoto ni mzuri. Kisha tukaenda kukaa benchi la nyuma.

Ikafika Jumapili ya Meza ya Bwana. Sahani ya mkate ilipofika kwetu tuliipitisha kwa jirani. Alipotuuliza tukasema tumbo linauma. Kwa hiyo tukaongeza uongo juu ya tusi, na ndani ya kanisa. Mwezi uliofuata tukaipitisha tena, na mwezi wa tatu pia. Tulijiambia kwamba tunaiheshimu Meza, kwamba tutarudi tukishajirekebisha. Wamama wakatoliki wa chama wametuambia kwamba kwao pia ni hivyo: mtu anakaa miezi bila kwenda kwa padri kuungama, siyo kwamba hana dhambi, bali kwa sababu anayo ile ile aliyopeleka mara ya mwisho, na anaona haya kuitaja tena.

Wakati huo huo tulijaribu kulipa. Tulimpa mvulana daftari jipya na biki mbili. Tulianza kumchagua yeye kufuta ubao, kazi ambayo watoto wanaipenda. Na katika imla moja, wamama mtushangae, tulimwongezea alama mbili ambazo hakuzipata. Tulikuwa tumeshika kalamu nyekundu, tukaona makosa yake, na mkono ukapita juu bila kuyagusa. Msichana anayekaa benchi moja naye alikuwa na makosa hayo hayo na alipata alama zake zilizo halali. Alikuja na madaftari yote mawili, akayaweka mbele yetu bila kusema neno. Tulimwambia arudi akae.

Hapo ndipo tulipoanza kuogopa kweli. Tulitaka kufuta kosa moja kwa mali yetu wenyewe, na tukazaa kosa jingine, tena juu ya mtoto ambaye hakuhusika. Aliyekuwa na deni la sombe alikwenda kukopa kwa mwenye sambaza ili alipe, na sasa anadaiwa pande mbili.

Sisi walimu tuna ugonjwa wetu. Kazi yetu yote ni kuhesabu alama. Anayefikisha nusu anapita, asiyefikisha anarudia, na kwenye buletini kuna hata mstari wa tabia, ambao nyinyi wamama mnaukimbilia kabla ya kuangalia hesabu na Kifaransa. Polepole tunaanza kumwona Mungu kama mkaguzi anayekuja na daftari lake. Jumapili tunadhani tuna asilimia sabini, Jumanne tumeshuka mpaka thelathini, na mwenye thelathini anawezaje kukaa kwenye Meza?

Katika kozi ya historia ya elimu tulisoma juu ya Agostino, na wakati ule tulimsoma kwa ajili ya mtihani tu. Miezi hii tumerudi kwake. Alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Tagaste, mahali palipo leo katika nchi ya Aljeria, mwaka wa 354. Mama yake ni yule Monika ambaye wamama wengi wakatoliki wanaomba kwa jina lake, mama aliyemlilia mtoto wake miaka na miaka. Na Agostino alikuwa mwalimu kama sisi. Alifundisha Kartago, kisha Roma, kisha Milano, na katika kitabu chake cha Maungamo analalamika juu ya wanafunzi wakorofi hadi mtu anacheka. Anaeleza pia jinsi yeye mwenyewe alivyochapwa masomoni akiwa mdogo, na jinsi wakubwa walivyocheka alipolia. Hapo tulifunga kitabu kwa muda.

Watu wengi wanamjua Agostino kwa dhambi za ujana wake, na zile peasi alizoiba usiku na wenzake akiwa na miaka kumi na sita. Lakini kilichotusaidia sisi ni sehemu ya kumi ya kitabu hicho. Wakati anaandika amekwisha kuokoka, amebatizwa, ni askofu. Mtu angetegemea aseme: zamani nilikuwa hivyo, sasa nimeshinda. Badala yake anachukua kurasa nyingi kueleza yanayomshinda bado: chakula, macho, masikio, kupenda kusifiwa na watu. Askofu anawaambia waumini wake kwamba bado anapigana, na kwamba tumaini lake lote liko kwenye huruma ya Mungu wala si kwenye nguvu zake. Kulikuwa na mtawa mmoja kutoka Uingereza, Pelagio, ambaye hakupenda maneno ya namna hiyo. Yeye aliona kwamba Mungu akiamuru jambo, mtu anaweza kulitimiza akitaka kweli. Wanaoshindwa ni wavivu. Kanisa la Afrika lilimkataa katika mkutano wa Kartago mwaka wa 418. Tunakiri kwamba mwalimu yeyote anayesoma mabishano hayo moyo wake unaanza upande wa Pelagio. Jikaze! Ukitaka utaweza! Ni maneno tunayoyasema mara ishirini kwa siku.

Na mwisho wa Agostino tuusimulie, maana sisi wa Kivu tunaweza kuuelewa kuliko wengine. Mwaka wa 430 mji wake wa Hippo ulikuwa umezingirwa na jeshi la Wavandali. Yeye alikuwa mzee wa miaka sabini na zaidi, mgonjwa kitandani. Rafiki yake Posidio, aliyeandika habari za maisha yake, anasema kwamba aliomba zile zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani mahali ambapo angeziona kutoka kitandani, na alikuwa akizisoma na kulia. Miaka zaidi ya arobaini baada ya ubatizo wake, vita vikiwa mlangoni, mzee anatubu bado. Hakusema amekwisha kupita kalasi hiyo.

Mtume Paulo naye, katika Warumi sura ya 7, anaeleza jinsi analolitaka halifanyi na analolichukia ndilo analolifanya. Sisi tunaofundisha sarufi hatuwezi kupita bila kuona kwamba anatumia wakati uliopo. Hasemi "nilikuwa." Wako wahubiri wanaosema anaeleza maisha yake kabla ya kumjua Kristo, na wana sababu zao. Sisi, baada ya Jumanne ile, tunamsoma kama mtu anayetueleza asubuhi ya leo. Na hatuachi hapo, maana sura ya 8 inaanza kwa kutangaza kwamba hukumu imeondolewa kwa walio ndani ya Kristo. Anayetangaziwa hivyo ni yule yule aliyelia mistari michache juu. Hakuna mahali kati ya sura hizo mbili ambapo anasema: kisha nikajirekebisha.

Koko mmoja wa chama chetu, ambaye hakusoma Agostino wala hajui kusoma, alitusaidia kuliko vitabu. Ni wa wale waliolelewa na watu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika hadi huku kwetu. Watu hao walikuwa na desturi ya kukutana na kusema makosa yao waziwazi, kila mmoja la kwake, kisha wanaimba. Koko alituona tumepitisha sahani kwa mara ya tatu. Tulipotoka nje alitushika mkono akauliza, "Mwanangu, nani alikuambia maji ya jana yanatosha leo?" Tulidhani anazungumza juu ya bomba. Alikuwa anazungumza juu ya neema.

Tulirudi nyumbani tukifikiri juu ya mana jangwani, katika Kutoka sura ya 16. Waliokota kila asubuhi, na aliyejaribu kuweka ya kesho aliikuta imeoza na ina funza. Tumekuwa tukitaka Jumapili moja ya machozi itufikishe mwisho wa mwaka. Tulitaka tanki. Na hata katika sala ambayo Bwana aliwafundisha wanafunzi wake, ombi la msamaha limewekwa pale pale baada ya chakula cha siku, kana kwamba yeye alijua tangu mwanzo kwamba tutavihitaji vyote viwili kwa kipimo kile kile.

Lakini tunajua pia sokoni neno hili neema linauzwaje. Kuna anayepima unga kwa kopo la Guigoz lililobonyezwa chini na kusema Mungu ni mwenye huruma. Kuna mshika sanduku anayekula pesa za likelemba, kisha anasimama kutoa ushuhuda kwamba Bwana amemsamehe, wakati wamama hawajaona hata franka moja. Zakayo, Bwana alipoingia nyumbani mwake, alitaja hesabu ya kurudisha. Na kuna mume anayepiga usiku na kuomba msamaha asubuhi, wiki baada ya wiki, na watu wa kanisa wanamwambia mke asamehe saba mara sabini na anyamaze. Wamama, hatuandiki haya ili yeyote arudishwe chini ya ngumi. Mwanamke anayepigwa atafute mahali salama, na sisi wenzake tumsaidie. Tunaandika juu ya dhambi yetu sisi, ile tunayoitenda, wala si juu ya kuzoea dhambi tunayotendewa.

Basi Alhamisi moja baada ya masomo tulishuka sokoni. Mama yule alikuwa mahali pake, chini, mafungu ya sombe na lengalenga mbele yake kwenye kiloba, mtoto mgongoni. Alitukaribisha: "Mwalimu, karibu. Leo sombe ni ya asubuhi." Tulichutama. Tulikuwa tumeandaa hotuba nzuri, yenye utangulizi. Tulitaka kuanza na ugumu wa maji, wingi wa wanafunzi, mshahara. Na tukagundua kwamba lile "sisi" letu la adabu halifai mahali pale. Ilibidi kusema kwa umoja: "Mama, ni mimi niliyemtukana mtoto wako mbele ya wenzake, na nilikutukana wewe."

Hakushangaa. Aliendelea kunyunyizia majani yake maji. Akasema, "Najua. Aliniambia siku ile ile." Miezi mitatu alikuwa anajua. Tuliimba naye, tulimsifia mtoto, tulikaa nyuma yake, na alikuwa anajua. Akasema tena, "Nilikuwa nakungoja uje. Mwanzoni nilikuwa na hasira. Halafu nikasema, huyu naye ana mzigo wake."

Tulifikiri imekwisha. Tukamwomba msamaha, tukaanza kuinuka. Akatushika kikwembe. "Mimi nimekusamehe, Mwalimu. Lakini aliyechekwa ni yeye. Nenda umwambie yeye, na umwambie mbele ya wale waliocheka."

Tulinunua mafungu mawili ya sombe. Alitutoza bei kamili, bila hata jani moja la matabishi. Tunasema hili kwa kumheshimu.

Ijumaa ile ilikuwa siku ngumu kuliko zote tangu tuanze kufundisha. Mwalimu mwenzetu tuliyemshirikisha alituonya: ukiomba msamaha kwa watoto, Jumatatu hawatakusikiliza. Labda ana haki. Kwetu mkubwa hamwombi mdogo msamaha, anamnunulia kitu, na mdogo anaelewa. Ndiyo maana ya yale madaftari na biki. Tulisimama mbele ya ubao tukasema kwamba siku fulani mwalimu wao alisema maneno mabaya juu ya mama wa mwenzao, kwamba maneno yale yalikuwa dhambi, na kwamba waliocheka walicheka kwa sababu ya mwalimu. Tulimwomba msamaha kwa jina lake. Kisha tukasema pia juu ya zile alama mbili, na tukazirekebisha mbele ya msichana yule. Kalasi ilinyamaza hivi kwamba tulisikia kalasi ya jirani wakiimba jedwali la saba. Mvulana aliangalia meza yake. Alisema "ndiyo, madamu," kama anavyojibu swali lolote. Hakuna kilichotokea zaidi ya hicho. Saa ya mapumziko msichana mmoja alikuja kutuuliza kama walimu nao wanatubu, au ni huyu madamu tu.

Jumatatu walitusikiliza kama kawaida, ni kusema nusu nusu. Mvulana alichelewa tena siku mbili katika wiki hiyo, na tukamwacha apite akae.

Tungependa kuwaambia kwamba ulimi umepona. Wiki mbili baadaye binti yetu alimwaga bidoni nzima mlangoni, maji ya alfajiri yote, na tulimwambia neno ambalo hatutaliandika hapa. Hatukulikata katikati, lilitoka lote mpaka mwisho. Lakini jioni ya siku ile, kabla ya kula, tulimwita jikoni tukamwomba msamaha, kisha tukapiga magoti hapo hapo karibu na makala na kumwomba Bwana, kwa kosa lile lile, kwa maneno karibu yale yale. Tulipohesabu, maana mwalimu haachi kuhesabu, tuliona kwamba safari ya kwanza ilituchukua miezi mitatu kurudi, na hii ilituchukua tangu asubuhi mpaka jioni. Sijui kama mbinguni wanaita hayo maendeleo. Tazameni, tumeteleza tukasema "mimi." Liacheni libaki.

Jumapili ya Meza iliyofuata tulikwenda kukaa benchi la pili upande wa dirisha. Mtoto mchanga alikuwa amelala. Sahani ilipokuja, ni mama yule aliyetushikia, mkono wake mmoja chini ya mtoto na mwingine chini ya sahani, vidole bado vina rangi ya majani. Tulichukua mkate, tukala.

Kesho yake bomba lilikuwa kavu. Saa kumi za alfajiri tulikuwa kwenye mstari wa chemchemi, watu kama ishirini mbele yetu, mvua nyembamba inaanza. Mtu mmoja aliyejifunika kikwembe alipita pembeni na kuweka bidoni yake mbele ya yetu.